Pistoni ya Nne

Jumatatu hiyo Apolinary alikuwa amelala chali chini ya injini, kutu imemwingia mdomoni mpaka puani, ndipo aliposikia lori la Bwana Buberwa linasimama barabarani. Hakuwa na haja ya kuchungulia. Honi ya lori lile ilikohoa kama mzee wa tumbaku, na mwenyewe alizoea kuipiga mara tatu kila akipita hapo Muleba kwenda Biharamulo. Watu walisema anasalimia. Apolinary alijua anachekwa.

"Apolinary! Kuku wako bado analalia?"

Basi abiria kule nyuma wakacheka wote, hata mama mmoja mwenye mtoto mgongoni ambaye wala hakujua kuku mwenyewe ni nani. Kuku ni lile lori. Lori la kizamani la Kimarekani, la silinda sita. Mzungu mmoja wa mashamba alilitelekeza porini mwaka wa kwanza wa vita, mvua ikalinyeshea miaka na miaka. Apolinary akalinunua kwa akiba yake ya uaskari na ya udereva, wanaume ishirini wakalivuta kwa kamba mpaka kwenye kibanja chake, na tangu Kwaresima lilikuwa limekaa hapo hapo, halisogei mbele wala nyuma. Na kweli kulikuwa na kuku mwekundu aliyetaga mayai tisa kwenye kiti cha dereva. Jina likapata miguu, likatembea kijiji kizima.

"Analalia, waitu," Apolinary alijibu kwa neno la heshima la Kihaya, akijivuta kutoka chini. "Akiangua nitakuletea kifaranga."

Buberwa akashuka. Alikuwa mfupi, mnene, kofia haitoki kichwani, mwenye duka kule Miembeni mjini Bukoba na malori mawili. Si mtu mbaya, tusimsingizie. Apolinary alimwendeshea lori miaka sita. Akaja mpaka uani, akaiinamia injini. Ilikuwa imetolewa kwenye lori na kulazwa juu ya magogo mawili, kichwa kimefunguliwa, matundu sita yanatazama mbingu. Matundu matano yalikuwa matupu, na pistoni zake zimepangwa juu ya jani la mgomba kama vikombe vya chai. Tundu la nne lilikuwa bado na pistoni yake, imeng'ang'ania katikati. Haipandi, haishuki.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Imeshikwa na nini?"

"Maji yalituama juu yake. Chuma kimeoana na chuma."

"Ndoa ya Kikatoliki hiyo," Buberwa alisema. Yeye alikuwa Mlutheri. "Haina talaka."

Hata Apolinary akacheka. Lakini Buberwa hakushuka kwa ajili ya mzaha tu. Akamshika bega, akapunguza sauti kidogo, si sana.

"Sikiliza, Apolinary. Lori langu la pili halina dereva. Jumamosi narudi nikienda mjini. Ikiwa hiyo kitu imetoka, mimi nitakuvulia kofia mbele ya watu. Haijatoka, panda, kiti ni chako, mshahara ule ule. Zaidi ya Jumamosi siwezi kungoja, kahawa imeshaanza kuja."

"Na kulala?"

"Godauni pale pale Miembeni. Nyumbani mwisho wa mwezi, kama zamani."

Kama zamani. Buberwa alisema neno lile kwa wema kabisa, akarudi kwenye lori lake, akakohoza honi, akaenda. Apolinary akabaki amesimama na spana mkononi.

*

Ujue kwamba wiki ile nyumba ya Apolinary haikuwa ya Apolinary. Mkewe Klaudia alikuwa na mimba iliyokomaa, siku zozote tu, na mama yake, Ma Kokwijuka, alikuwa amekuja kumtunza. Sasa kwa desturi ya Wahaya wa siku zile, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawasemeshani ana kwa ana, hawalali chini ya paa moja. Mama mkwe akiingia kwa mbele, wewe tokea nyuma. Basi Apolinary akahamia kwenye lori. Alilala kwenye kiti cha tanboi, kwa sababu kiti cha dereva kilikuwa na mwenyewe, na huyo mwenyewe alidonoa vibaya akikaribiwa mayai.

Mchana Klaudia alimletea ndizi na maharage, akakaa juu ya gogo taratibu, mkono mmoja kiunoni.

"Buberwa kasemaje?"

"Si mmesikia? Anaongea kama padri yuko mimbarini."

"Nataka nisikie kwako."

Akamwambia. Klaudia akatazama matundu yale sita, akatazama tumbo lake.

"Huyu hatangoja mwisho wa mwezi."

"Najua."

"Kokuhirwa nilimzaa wewe umekwama kwenye matope ya Biharamulo. Ulipofika mtoto ameshajua kucheka. Akakucheka."

"Klaudia, bojo, tafadhali."

"Na alipoanza kusema alikuitaje?"

Apolinary akashusha kijiko. "Mgeni."

"Mama, yule mgeni amekuja tena," Klaudia alisema kwa sauti ya mtoto, na wote wawili wakacheka, maana ilikuwa ya kuchekesha kweli, mtoto wa miaka miwili kumkaribisha baba yake kiti kwa heshima. Lakini kicheko kilikwisha upesi. Ndiyo sababu aliacha kazi ya Buberwa. Kahawa ya Muleba ilitaka malori ya kuipeleka bandarini Bukoba. Mwenye lori lake angeondoka alfajiri na jioni akala kwake. Lori lenyewe sasa lilisimama kwa kitu kidogo, ukikishika kinajaa kiganja.

"Na yule fundi Kalasinga wa Miembeni alisema nini?"

"Alisema vunja. Lakini pistoni nikiivunja kwa patasi, silinda itakwaruzika. Silinda ikikwaruzika, injini ni jiwe la kufungia ng'ombe."

Klaudia akanyanyuka, akachukua sahani. "Basi usivunje," alisema, kana kwamba kazi imekwisha.

*

Jirani yao Mujuni alikuwa na dawa ya kila kitu, na dawa zake zote zilikuwa pombe. Alikuwa ndiye msaidizi wa Apolinary tangu mwanzo. Yeye alikaa chini akisukuma pistoni kwa mti kuelekea juu, Apolinary akigonga mti ule kwa nyundo, wiki mbili sasa. Mafuta ya taa walishamimina. Grisi walishapaka. Kitu kimekaa kama kimepewa hati ya kiwanja.

Jumanne asubuhi Mujuni akafika na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi.

"Leo tusigonge. Leo tuinyweshe."

"Tunywe sisi au inywe injini?"

"Wote. Nisikilize. Jembe langu nililisahau kwenye mvua mwaka jana, likawa jekundu kama udongo. Nikalifukia kwenye machicha ya rubisi siku mbili. Likatoka linang'aa kama shilingi mpya. Ule uchachu unakula kutu, Apolinary, unatafuna!"

"Hili si jembe."

"Chuma ni chuma. Kinapenda pombe kama marehemu baba yako."

Neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Halafu mtu aliyebakiwa na siku nne hachagui sana dawa. Wakamimina rubisi ndani ya tundu la nne mpaka ikajaa, iliyobaki kibuyuni wakaimaliza wenyewe ili isichache zaidi, wakafunika tundu kwa jani la mgomba na jiwe. Mujuni akasema lisifunuliwe siku mbili. Likapigwa na jua la Jumanne, likapigwa na jua la Jumatano.

Alhamisi asubuhi Apolinary aliamshwa na mngurumo. Mngurumo wa taratibu, wa chini chini, unatoka kwenye injini. Kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alidhani imewaka yenyewe. Akaruka kutoka kwenye lori bila viatu.

Walikuwa nyuki. Nyuki wameifunika injini yote, jani limetoboka, wanaingia na kutoka tundu la nne kama watu sokoni.

Mujuni akaitwa, maana ndiye mwenye mizinga. "Tulia, tulia," alisema, akisogea mikono mitupu. "Nyuki wangu hawa. Wananijua." Akainama kuchungulia, na mmoja aliyemjua zaidi akamchoma mdomo wa juu.

Walipofanikiwa kuwafukuza kwa moshi, ilikuwa saa ya watu kwenda sokoni Muleba, na uani pamejaa watazamaji. Ndani ya tundu rubisi ilikuwa imekaushwa na jua, utamu wote umebaki chini, mweusi, mzito, unavutika kama gundi. Kwanza pistoni ilishikwa na kutu. Sasa imeshikwa na kutu na asali ya ndizi.

"Apolinary," mama mmoja aliuliza, kikapu kichwani, "lori limekuwa mzinga? Asali yake utauza kwa chupa?"

"Atauza kwa galoni," mwingine akajibu. "Si lori?"

Wakaenda zao wakicheka, na kicheko chao kikasikika mpaka kwenye kona. Apolinary akakaa juu ya gogo. Mujuni akakaa karibu naye, mdomo umevimba kama andazi. Hakuna aliyemlaumu mwenziwe. Apolinary alikuwa ameanza kufikiria lile godauni la Miembeni, dirisha lake lipo upande gani.

*

Ndipo ikasikika sauti kutoka nyuma ya ua wa matete, ule ua ulioficha mlango wa jikoni.

"Klaudia! Muulize mume wako wanakisukuma kile kitu kuelekea wapi."

Klaudia alikuwa kwenye mlango wa mbele anachambua maharage. "Apolinary, mama anauliza mnasukuma kuelekea wapi."

Apolinary alikuwa amesikia vizuri sana, ua haukuwa hata hatua kumi. Lakini desturi ni desturi. "Mwambie juu. Mlango wake wa kutokea ni juu."

"Mama, anasema juu."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Muulize maji yalikaa upande gani."

"Upande gani?"

"Juu yake."

"Anasema juu, mama."

Halafu matete yakacheka.

"Basi kutu yote iko juu! Mwambie wanamsukuma mtu atoke kwenye mlango wenye miiba, halafu wanashangaa kwa nini hataki. Wamrudishe ndani kwanza. Chini. Waufagie mlango, ndipo wamtoe."

Mujuni akamgeukia Apolinary. Apolinary akageukia injini. Wiki mbili! Wiki mbili wamegonga kuelekea juu, kila pigo wanaikaza wenyewe.

"Mama huyu kajuaje?" Mujuni alinong'ona, kwa shida, kwa sababu ya mdomo.

"Babu yangu alikuwa mhunzi," Klaudia akasema. "Mhunzi wa majembe."

"Lakini wanawake hawakuruhusiwa kukaribia tanuri. Mwiko!"

"Mwambie huyo mwenye andazi," ikaja sauti, "hatukuruhusiwa kukaribia, ni kweli. Lakini hakuna aliyetukataza kuchungulia kwenye matete."

Basi siku ile yote ikawa shule. Mafundisho yalitoka nyuma ya ua kwenda mlangoni, yakatoka mlangoni kwenda kwenye injini, na majibu yakarudi njia hiyo hiyo, kama barua yenye stempu. Waoshe kwanza uchafu wa rubisi kwa maji ya moto na majivu. Wachonge gogo la mti wa mushambya, liwe la mviringo sawasawa na tundu, maana chuma kwa chuma hupasuana. Waipashe injini moto wa mkaa pande zote, polepole. Halafu samli.

"Samli?" Klaudia akaacha maharage. "Samli ipi, mama?"

"Ile niliyokuletea."

"Ile ni ya uzazi wangu!"

"Ndiyo. Chuma kikiwa moto kimeshiba. Kikianza kupoa kinaona kiu, hapo ukikipa mafuta kinavuta mpaka ndani kabisa. Mafuta ya taa ni mepesi, yanakimbia. Samli inakaa."

"Mama, sasa mimi nikijifungua nitakula nini?"

"Mwanangu, chagua. Samli au mume."

Klaudia akafikiri kidogo. Ndiyo, alifikiri, na Apolinary alimwona anafikiri. Halafu akaingia ndani akaleta chungu.

*

Ijumaa waliwasha mkaa jua likiwa limepanda. Apolinary alikuwa na hamu, na hamu ndiyo iliyomponza: chuma kilipopata moto tu, akamimina samli. Ikalia chwaaa, moshi ukapanda, na harufu ikaenda mpaka kwa majirani, wakajua kwa Apolinary kuna karamu. Akagonga kwa gogo la mushambya kuelekea chini, mara kumi, mara ishirini. Hakuna kitu.

Hapo Klaudia mgongo ulikuwa unamuuma, ameshaingia ndani kulala. Mlangoni hapakuwa na mtu wa kupokea barua. Apolinary akashika nyundo kwa mikono miwili, akaanza kupiga kama anayeua nyoka.

"Wewe kuku!"

Wanaume wakasimama. Kuku mwekundu alikuwa ameshuka kwenye lori kutafuta chochote cha kula, anapita katikati ya ua na injini.

"Wewe kuku," sauti ya Ma Kokwijuka ikarudia, tena kwa adabu nzuri, "mwambie mwenye lori asipige kwa hasira. Apige kama anayebisha hodi."

Apolinary akamtazama kuku. Kuku akamtazama Apolinary, jicho moja.

"Kuku," akasema, akikohoa kidogo, "mwambie mama nabisha hodi tangu asubuhi."

"Kuku, mwambie samli ameikaanga. Hakuinywesha chuma, ameikaanga. Ndiyo kwanza majirani wanakuja na sahani."

Mujuni alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, anatetemeka, machozi yanamtoka, na kila akicheka mdomo unamuuma, na kila ukiuma anacheka.

"Kuku, muulize mama nitajuaje moto umefika."

"Kuku, mwambie ateme mate kwenye chuma. Mate yakirukaruka na kukimbia, moto umezidi, angoje. Yakikaa pale pale yakachemka kwa utaratibu, basi, ndio wakati. Na awe na subira kidogo, mkewe anayo miezi tisa."

Wakawasha tena. Wakatoa mkaa. Wakatema mate, yakakimbia. Wakangoja. Wakatema tena, yakakimbia nusu, yakafa. Mara ya tatu Apolinary akatema, na mate yakakaa, yakachemka taratibu kama uji. Akamimina samli iliyobaki, kidogo kidogo, kando kando ya pistoni, na safari hii haikulia. Ilikaa kimya, halafu kwa macho yao wenyewe wakaona inapungua. Chuma kinakunywa!

Wakangoja mpaka injini ikashikika kwa mkono. Akaweka gogo, akabisha hodi. Ko. Ko. Ko.

Mafundi wa kweli watakwambia, kabla kitu hakijasogea, sauti husogea kwanza. Kwenye ko ya arobaini hivi, sauti ikawa nzito zaidi, tupu zaidi. Mujuni akanyamaza kucheka. Nyuma ya ua hata matete hayakutikisika.

"Imesogea," Apolinary akasema.

Ukucha mmoja. Halafu kidole. Halafu ikashuka vidole viwili vizima, na pale juu ilipokuwa imekaa pakaonekana mviringo wa kutu, mwekundu, una meno kama msumeno. Mlango wenye miiba ndio huo. Wakaukwangua kwa mchanga laini na nyuzi za mgomba, wakafuta, wakakwangua, mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa. Mujuni akaingia chini na mti wake.

"Sasa juu," Apolinary akasema. "Polepole, ndugu yangu. Usi..."

Haikungoja polepole. Ilitoka kwa mlio kama wa chupa inayofunguliwa, ikamwangukia Apolinary kifuani, nyeusi, inanuka samli, akaikumbatia.

Vigelegele vikapasuka nyuma ya ua, na kabla mtu hajafikiri, Ma Kokwijuka mwenyewe akatokea pembeni ya matete, mikono juu, anacheza. Akasimama hatua mbili mbele ya mkwe wake. Wakatazamana usoni.

Mawe, mama yangu! Miaka mitano ya ndoa hawajawahi. Apolinary aliona kwamba mama mkwe wake alikuwa mwanamke mdogo, mfupi, ana pengo la jino la mbele na macho ya Klaudia. Halafu mama akajifunika kichwa kwa kanga, akageuka, akagonga ua, akaupata mlango. Apolinary naye alikuwa ameinamia ardhi akijiziba uso kwa pistoni, na kutu na samli vikambakia kwenye paji la uso kama majivu ya Kwaresima.

"Mimi sikuona kitu," Mujuni alisema. "Nilikuwa chini ya injini."

Lakini kosa ni kosa, lina faini yake. Jioni Apolinary akamtuma Klaudia kwa mama kuuliza kama atakubali kuku.

Klaudia akarudi anacheka mpaka ameshika tumbo. "Anasema kuku yupi?"

"Huyo mwekundu. Sina mwingine."

"Anasema hawezi kumla mkalimani wake."

*

Jumamosi Buberwa alikuwa bado anaendesha mwenyewe, kwa kukosa dereva. Alipokohoza honi, Apolinary alikuwa ameshasimama kando ya barabara, amevaa shati la kanisani, kibunda cha kitambaa mkononi. Buberwa akafurahi. Akasogea upande wa pili, akapiga kiti cha dereva kwa kiganja.

"Njoo! Nilijua wewe una akili. Mkono wangu umechoka na gia hizi."

"Hapana, waitu. Mimi napanda nyuma. Nauli yangu hii hapa."

"Nauli? Unakwenda wapi?"

"Miembeni, kwa Kalasinga. Nataka ringi za pistoni." Akafungua kibunda.

Buberwa akaipokea. Akaigeuzageuza, akainusa, akashangaa harufu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa neno lake, akavua kofia mbele ya abiria wote, kipara kikapigwa na jua.

"Imetoka."

"Imetoka."

"Lakini injini haijawaka."

"Bado."

"Na isipowaka, Apolinary? Nani amekwambia itawaka? Ina miaka mingapi ile? Hiki kiti nitampa mtu leo leo jioni, usije kunililia."

Apolinary alikitazama kile kiti. Alikijua, palipopasuka ngozi, palipobonyea. Lilikuwa swali zuri, na usiku kucha alikuwa amejiuliza mwenyewe.

"Isipowaka, waitu, itakuwa imekataa nikiwa nyumbani."

Buberwa akavaa kofia. "Nauli ya mtu ni nusu," akasema. "Pistoni nitaibeba bure. Panda basi, tunachelewa."

Akapanda juu ya magunia, katikati ya wale wale waliomcheka Jumatatu. Wakampisha nafasi. Walipofika mlimani Buberwa akaikosa gia ya pili, lori likaanza kurudi nyuma, akina mama wakapiga kelele, na Apolinary akagonga paa kwa kiganja: "Kanyaga klachi mpaka chini, waitu! Hapo! Sasa itie!" Gia ikaingia. Toka mlima ule mpaka Bukoba waliendeshwa na watu wawili, mmoja kwa mikono na mmoja kwa mdomo.

*

Alirudi Jumatatu na ringi mfukoni. Jumatano, siku ya masoko kufungwa mapema, pistoni tano zilikuwa zimesharudi mahali pake, na alikuwa ameinama na ile ya nne, anaishusha ndani ya tundu lake kwa kidole gumba, inateleza kama kisu kwenye ndizi mbivu.

Tangu asubuhi nyumbani kulikuwa na pilikapilika za wanawake. Maji yanachemshwa, majirani wanaingia na kutoka, Kokuhirwa amepelekwa kwa mke wa Mujuni. Mwanamume haruhusiwi hata kuuliza. Apolinary alikuwa amekaza nati moja mara nne na kuilegeza mara nne. Mujuni alikuwa anampa spana isiyo yenyewe kila mara, na hakuna aliyegundua.

Kikasikika kilio kimoja. Kidogo, chembamba, chenye hasira. Halafu kimya. Halafu kingine, kirefu.

Lori liliwaka, kama unataka kujua, lakini wiki ya pili yake, na Muleba nzima ilikuja kulisukuma. Siku hiyo lilikuwa chuma tu. Apolinary alisimama uani hana la kufanya na mikono yake.

"Apolinary!"

Alishtuka, spana ikaanguka ndani ya ndoo. Ilikuwa sauti ya mama mkwe, inatoka ndani ya nyumba. Haikupitia kwa Klaudia. Kuku alikuwa kwenye lori, hakutajwa.

"Naam, mama!"

"Wa kiume. Mama yake mzima, anaomba chai. Mimi natokea mlango wa nyuma, wewe ingia kwa mbele. Na unawe! Usimletee mtoto wa watu harufu ya mafuta ya taa!"

Alinawa kwa majivu, akanawa kwa sabuni, akanawa tena. Weusi ule ulikuwa umeingia kwenye ngozi, hautoki. Akasikia mlango wa nyuma unafungwa taratibu. Akaingia, mikono ameificha mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari, na Klaudia alipomnyooshea kile kifurushi kidogo chekundu, kinakunja uso, akainama akakipokea kwa viwiko, viganja vyeusi amevigeuzia mbali nacho.